Mhariri, kabla watu hawajanunua king'amuzi kingine waambie wazime taa ya baraza kwanza

Ndugu Mhariri,

Nimesoma barua ya yule msomaji wako wa Mbagala aliyesema kabadilisha ving'amuzi viwili na picha bado inaganda, akamalizia kwamba dijitali ni wizi mtupu na bora zingerudi chenga zetu za zamani. Namuelewa sana huyo ndugu. Mi mwenyewe mpaka mwezi uliopita nilikuwa nasema hivyohivyo, tena kwa sauti, na hela yangu ilishakwenda.

Nakaa Goba, bondeni kule chini. TV yangu ilipata ugonjwa wa saa. Mchana kutwa iko safi, watoto wanaangalia katuni zao hakuna shida yoyote, ikifika saa 12 na nusu jioni inaanza viboksi viboksi, sauti inapata kwikwi, na saa 2 ya taarifa ya habari ndo inaganda kabisa, mtangazaji kaachama mdomo tunamuangalia tu. Nikaita fundi, akasema antena imechoka, akaleta ile ya nje yenye vijiti kama mifupa ya samaki. Siku mbili tatu nikaona kama nafuu, ikarudi. Fundi wa pili akasema hapa dawa ni busta, kile kikuza mawimbi, elfu 35, akaichomeka nyuma ya TV na hali ikawa mbaya zaidi ya mwanzo, akasema basi king'amuzi ndo kibovu. Nikanunua king'amuzi. Jioni ya siku hiyohiyo saa 12 na nusu, viboksi.

Aliyenitoa ni mama mkwe, kaja kututembelea kutoka Tanga na redio yake ya betri ambayo haiachi hata akienda kuchambua mchele. Jioni moja ananiita, "Baba Salma, hii redio kwangu haina neno, hapa kwenu kila ikikaribia magharibi inavuma mzzzz, mna nini humu ndani?" Nikasema mama labda ni stesheni zenyewe. Akanitazama vile wanavyotazamaga wakwe, akainuka na redio yake akaanza kuzunguka nayo nyumba nzima, jikoni inavuma kidogo, sebuleni inazidi, alipofika barazani chini ya taa ikapiga kelele kama pikipiki. Akazima taa. Redio kimya, na huko ndani Salma anapiga yowe "baba TV imerudi!"

Yani taa. Balbu ya LED ya bei poa niliyoinunua mwenyewe barabarani, ndo ile inayowashwa kila jioni giza likianza kuingia.

Nikaja kuulizauliza kwa jamaa yangu mmoja anayejua mambo ya elektroniki akanifafanulia vizuri. Ndani ya hizo balbu kuna kisakiti kinachokata na kuwasha umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kila kinapokata kinatupa makelele kwenye hewa na kwenye waya za nyumba. Balbu iliyotengenezwa vizuri ina kichujio cha kuzuia hayo, ya bei ya kutupa wamekitoa ili ishuke bei. Chaja feki za simu ni hivyohivyo, na adapta za vitu vingi tu. Redio inakwambia waziwazi kwamba kuna kelele kwa sababu unaisikia, TV ya dijitali haikwambii, inaganda tu na wewe unalaumu kampuni.

Lakini nisiionee balbu peke yake. Waya wangu wa antena ulipita bega kwa bega na waya wa hiyo taa, na jeki yake, kile kichwa cha kuchomeka, fundi alikuwa ameisokota kwa mkono, zile nyuzi za nje zinazotakiwa kukinga kelele hazijagusa jeki kabisa, zimening'inia tu. Kwa hiyo kelele zilikuwa zinaingia kwa raha zao. Na lile busta nyuma ya TV lilikuwa linakuza kelele pamoja na mawimbi, maana busta halina akili ya kuchagua. Busta linafungwa juu kwenye mlingoti karibu na antena, mawimbi yakiwa bado masafi, hayo ya kufunga nyuma ya TV baada ya waya wa mita 20 ni kama kumpa maiki mtu aliyepaliwa. Halafu mabusta mengi ya zamani yalitengenezwa wakati masafa ya TV yanafika mpaka MHz 862, siku hizi yanaishia 694 na huko juu wamepewa simu za intaneti, sasa kama una mnara wa simu karibu na nyumba busta lako linaukuza na wenyewe, king'amuzi kinazidiwa.

Hilo la chenga ninalo la kusema pia. Zamani mawimbi yakipungua picha inachafuka kidogokidogo, unaona chenga lakini mpira unaufuata, hata goli unaliona japo mpira wenyewe huuoni. Dijitali king'amuzi kinapokea namba, zikiharibika kidogo kinazirekebisha chenyewe wala hujui kama kuna tatizo, zikiharibika kupita uwezo wake inakata ghafla. Ndo maana mtu anasema "jana ilikuwa safi kabisa". Haikuwa safi mzee wangu, ilikuwa ukingoni, imesukumwa kidogo tu na kaumande kalikoingia kwenye waya.

Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 wengine tunaukumbuka, Dar ilipozimiwa analojia, ile TV ya chenga, mikoa mingine ikafuata kuanzia 2013, kabla kabisa ya ile tarehe ya mwisho ya kuzima, Juni 2015, ambayo nchi zilikubaliana Geneva. Majirani zetu Kenya walifika 2015 kwa kesi na mivutano mpaka vituo vikubwa vya TV vikapotea hewani karibu wiki tatu. Sisi tuliwahi. Lakini matangazo yote ya kipindi kile yalikuwa nunua king'amuzi, nunua king'amuzi, hakuna aliyekaa na wananchi akawaonyesha kwamba kwenye menyu ya hicho king'amuzi kuna mistari miwili. Mmoja wa nguvu ya mawimbi, mwingine wa ubora. Mi nimekaa na ving'amuzi zaidi ya miaka kumi nilikuwa naiona hiyo mistari naipita. Nguvu ikiwa juu na ubora uko chini, usinunue antena wala busta, tafuta kelele au jeki au mawimbi yanayogonga ukuta na kurudi, geuza antena kidogokidogo huku mtu ndani anaangalia mstari wa ubora. Vyote viwili vikiwa chini basi ndo uangalie antena imeelekea wapi (chungulia za majirani wanaoona vizuri) na vile vijiti vimelala au vimesimama kama vyao, na waya haujaingia maji. Na kama umegawa waya mmoja kwenda TV mbili jua kila upande unapata chini ya nusu.

Kosa moja ambalo mama Salma alilifanya na sitaki wengine walifanye, chaneli zikipotea usikimbilie kuskani, yani kuzitafuta upya. Ukiskani wakati waya umechomoka king'amuzi kinafuta orodha yote na hakipati kitu, sasa una matatizo mawili. Angalia mistari kwanza, kama yote iko juu na chaneli hakuna, hapo ndo huenda wamebadilisha masafa, skani. Pia kuna sehemu ya menyu ya kupeleka volti 5 kwenye antena yenye busta ndani yake, ukirudisha king'amuzi kwenye hali ya kiwandani inajizima, watu wanadhani antena imekufa.

Wenye madishi nyie mna dunia yenu. Mvua kubwa ya masika ikikata picha subiri ipite, mawimbi yanatoka kilomita 36,000 juu huko na ya masafa yale maji yanayanywa, hakuna fundi wa kulizuia hilo. Ila kama inakata kwa mawingu tu au manyunyu, dishi limesogea au limefungwa kwa kukisia.

Sasa ombi langu. Kampuni za ving'amuzi zinanitumia meseji za kulipia kila mwezi bila kukosa hata siku moja, basi wakibadilisha masafa watume na hiyo. Na kile kikaratasi ndani ya boksi kiandikwe Kiswahili cha kueleweka, hiyo mistari miwili ichorwe. TCRA-CCC, ambao ndo baraza letu watumiaji wa mawasiliano, walibebe hili, fundi asiuze kitu kabla hajamuonyesha mwenye nyumba hiyo mistari kabla na baada. Na wewe Mhariri ukipata nafasi hata robo ukurasa, mnatuwekea ratiba ya TV kila siku, wekeni na jinsi ya kuiona hiyo TV.

Ndugu wa Mbagala, azima redio ya betri, weka ile bendi ya AM ambayo siku hizi hakuna anayeisikiliza, sehemu isiyo na stesheni, uzunguke nayo nyumba saa ile TV inapoganda. Ikinguruma sana mahali zima kitu kimojakimoja. Haina gharama.

Kwangu balbu nimebadilisha, jeki nimefunga upya, busta liko kabatini, naona taarifa ya habari mpaka mwisho. Imebaki chaneli moja tu inayoganda upepo ukivuma, nahisi ni mwembe wa jirani, ila hilo nitaenda kuongea naye mwenyewe.

Msomaji wako,
Goba, Dar es Salaam