Vitabu vya Kuanzia, Mwanangu

Konde, Pemba

Mwanangu mpenzi Rukia,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima, na bibi yako anakuombea dua kila sala. Umeniuliza usome vitabu gani vya mimea na bustani maadamu umeanza masomo ya kilimo Kizimbani, huko Unguja. Swali hilo limenifurahisha mno, nami nitakujibu kwa kirefu, kwani vitabu viko vingi na wakati wako si mwingi.

Anza na vilivyoandikwa juu ya udongo wetu. Cha kwanza ni cha R. O. Williams, The Useful and Ornamental Plants in Zanzibar and Pemba, kilichotoka mwaka 1949. Kiulizie Nyaraka za Taifa pale Kilimani, au kwa walimu wako. Ni cha Kiingereza na ni cha zamani, lakini kinashughulika na miti uliyokulia chini yake, ya kuliwa, ya viungo na ya pambo. Mwandishi alikwisha kuandika kingine cha namna hiyo juu ya Trinidad na Tobago, kwa hiyo jua na mvua za visiwani hazikuwa ngeni kwake.

Nasisitiza hili kwa sababu utakutana na vitabu vya bustani vya Uingereza, vya picha nzuri kweli, vinavyokuambia uatike mbegu baridi ikishapita. Sisi tunahesabu kwa masika na vuli, kwa kaskazi na kusi. Udongo nao hauko mmoja. Kinongo, udongo wa kina wa huku kwetu, kinameza jembe, lakini ukienda uwandani Makunduchi au Micheweni, jembe linagonga jiwe. Kitabu kinachokuamuru uchimbe futi mbili bila ya kukuuliza uko wapi, kisome kwa hadhari.

Cha pili ni The Clove Tree cha G. E. Tidbury, nacho cha 1949. Mtoto wa Pemba asiyeujua mkarafuu kwa undani hajajitendea haki. Mbegu yake haivumilii kukauka: karafuu ikiachwa mtini ikawa mpeta, ikaiva, iatike upesi na uifunike kwa makuti jua lisiiunguze. Lakini jua pia mpaka wa kitabu chenyewe. Utafiti mwingi juu ya ule ugonjwa wa mikarafuu kufa ghafla ulichapishwa baadaye, katika miaka ya 1950, nao uutafute. Na vitabu vya kilimo vya zama zile, ukikuta vinasifu dawa za wadudu kama DDT, pita. Mkataba wa Stockholm wa 2001 umeizuia isitumike mashambani.

Sasa nije kwenye kile ninachokipenda kuliko vyote. Flora of Tropical East Africa si kitabu kimoja, ni safu nzima, kila ukoo wa mimea na juzuu yake. Kazi ilianza 1948 ikamalizika 2012, ikiongozwa na bustani ya Kew, London, na inahusu Kenya, Uganda na Tanzania. Lugha yake ni kavu, utachoka. Usivunjike moyo. Katika kila mmea wameandika maeneo unakoota kwa alama: T na nambari yake ni Tanganyika, Z ni Unguja, P ni Pemba. Fungua juzuu ya minazi na jamaa zake, ya 1986, utafute mpapindi wetu wa msitu wa Ngezi. Alama yake ni P peke yake, kwani hauoti kwa asili pahala pengine popote duniani. Halafu jiulize kwa nini. Mkondo wa bahari baina ya Unguja na bara ni wa kina kidogo, na maji ya bahari yaliposhuka zama za barafu, Unguja iliungana na bara. Pemba imezungukwa na kina kirefu, ikabaki kisiwa. Ukilielewa hilo, Ngezi utaiona vyengine kabisa ukija likizo.

Safu hiyo itakufundisha pia udugu wa miti. Mkarafuu, mpera na mzambarau ni ukoo mmoja. Usiyaamini maneno tu, chuma jani la kila mmoja, liinue kwenye mwanga uone vidoa vya mafuta, kisha lifikiche ulinuse. Hivyo ndivyo nitakavyo usome vyote, kitabu mkono mmoja na jani mkono wa pili.

Kwa mambo ya kila siku, kama mboji na dawa ya mwarobaini, lipo jarida la Mkulima Mbunifu, la Kiswahili safi. Na ukichoka na masomo, soma habari za Edmond Albius wa kisiwa cha Réunion. Alikuwa mtumwa, mtoto wa miaka 12, mwaka 1841 alipoonyesha jinsi ya kuchavusha ua la vanila kwa kijiti na kidole gumba. Mpaka leo vanila karibu yote duniani inachavushwa kwa mkono kwa njia yake, na wapo waliotaka kumnyang'anya sifa hiyo. Jina lake ulikumbuke kila unaposhika ua la vanila.

Nina haja moja. Mkungumanga una dume na jike, na huwezi kujua upi ni upi mpaka uchanue, miaka 6 hata 8 baadaye. Miche ya kitaluni kwangu imekua, sitaki kujaza shamba madume. Ukikifungua kitabu cha Williams, ninakilie yote aliyoandika juu ya mti huu, na waulize walimu kama wanabebesha kijiti cha mti jike juu ya mche, na kwa namna gani. Mpe karatasi yeyote anayepanda boti kuja Wete, baba yako ataifuata bandarini.

Mama yako akupendaye