Mnataka tujitokeze na nini mkononi?

Mhariri,

Habari yenu ya wiki iliyopita, iliyosema wagonjwa wanaoumizwa hospitalini "hawajitokezi" kulalamika, imenichoma. Nimenyamaza miaka sita. Leo sinyamazi.

Mama yangu alilazwa kwa presha. Kisukari hana, hajawahi kuwa nacho. Kitanda cha jirani alilala Mwanaidi mwingine, huyo ndiye mwenye kisukari. Alfajiri muuguzi akaita "Mwanaidi!", mama akaitika kama aitikavyo mtu yeyote akisikia jina lake, akachomwa insulini, dawa ya kushusha sukari mwilini. Nilipofika saa moja na chupa ya uji nilimkuta kalowa jasho, kanga imemganda mwilini, mikono inatetemeka, ananiita kwa jina la kaka yake marehemu. Aliyemwokoa ni huyo Mwanaidi wa jirani, aliyezijua zile dalili kwa kuwa zilishampata yeye, akawa anamnywesha soda yake kidogokidogo huku akipiga kelele za kuita msaada. Plasta ya jina mkononi mwa mama iliandikwa kwa kalamu ya kawaida. Wino ulishatoka alipooga.

Nilipoomba nakala ya faili niliambiwa faili ni mali ya hospitali. Nilirudi mara nne, na mara ya nne faili halikuonekana. Wakili akaniuliza jambo moja tu: una maandishi gani? Sheria inatoa miaka mitatu kufungua kesi ya madhara, na ukiishtaki serikali lazima kwanza utoe notisi ya siku 90. Miaka yangu mitatu iliishia kwenye benchi la masjala.

Mambo haya si mageni. Mwaka 2007, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili walioitwa Emmanuel walibadilishwa: wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Mwaka 2018 Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, ikafungua kichwa cha mtu asiyehitaji upasuaji. Shirika la Afya Duniani lilishatoa orodha ya ukaguzi wa upasuaji mwaka 2008, na jambo la kwanza ndani yake ni kuhakikisha mgonjwa ni nani. Wodini, kwa sindano ya alfajiri, nani anauliza?

Na hao walinzi wa getini! Ndugu tunafukuzwa kama wezi nje ya saa za kuona wagonjwa, lakini glovu zikikosekana saa nne usiku tunapigiwa simu tukanunue. Ningeruhusiwa kulala hata chini ya kitanda chake, ningesema mama hana kisukari.

Naiomba wizara mambo mawili. Kabla ya kila sindano mgonjwa atakiwe kutaja mwenyewe majina matatu: lake, la baba na la babu. Na siku ya kuruhusiwa akabidhiwe nakala ya faili lote, kurasa zimepigwa namba, kwenye dirisha lilelile anapolipia bili.

Msomaji wenu,
Tanga