Risala ya Wanawake wa Kanisa kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kufunga Mafunzo ya Kujiamini

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, akina mama, akina baba mliotusindikiza, na vijana wetu: Bwana Yesu asifiwe!

Awali ya yote tunamshukuru Mungu kwa kutufikisha siku hii, nawe tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, anayekusomea risala hii, zamani akiombwa kufungua kikao kwa sala alikuwa anainama na kujifanya anatafuta kitu mkobani. Wengi wetu tulikuwa hivyo. Kwenye maandalizi ya sherehe tulikuwa wa kwanza. Penye maamuzi tulikaa nyuma, tukisubiri kuambiwa kilichoamuliwa. Ukimya huo tuliuita unyenyekevu. Kumbe sehemu kubwa ilikuwa woga.

Mafunzo yetu yalianzia Hesabu 27. Mahla, Noa, Hogla, Milka na Tirsa, mabinti wa Selofehadi, walifiwa na baba jangwani bila kuwa na kaka, na jina la baba yao lilikuwa linakwenda kupotea pamoja na urithi. Wakaenda mlangoni pa hema ya kukutania, wakasimama mbele ya Musa, kuhani Eleazari, wakuu na mkutano wote, wakasema shida yao. Musa hakuwa na jibu mkononi, akalipeleka shauri kwa Bwana. Bwana akasema mabinti hao wana haki, na sheria ya urithi ikatolewa kwa Israeli yote. Kilichotugusa ni kwamba hawakuishia kunung'unika hemani mwao. Walipanga hoja, wakaenda panapoamuliwa.

Kisha Mithali 31, inayomsifu mke mwema. Hapa tuseme ukweli: sura hii tulikuwa tunaiogopa. Tuliisoma kama orodha ya kazi, kila mstari ukitukumbusha tulichoshindwa. Mwalimu akatueleza kwamba kuanzia mstari wa 10 ni shairi la sifa lenye mistari 22, kila mmoja ukianza na herufi yake ya Kiebrania kwa mpangilio, na kwamba neno lililotafsiriwa "mwema" ni chayil, lilelile lililomo katika salamu ya malaika kwa Gideoni alipomwita shujaa. Mama mmoja akauliza kwa sauti, "Mbona hatukuambiwa mapema?" Hakuna aliyemjibu.

Tulikaa sana pia na yule mama wa Luka 13, aliyepinda mgongo miaka 18. Alikuwamo ndani ya sinagogi. Bila shaka watu walishamzoea. Yesu ndiye aliyemwona, akamwita, akamwekea mikono, naye akanyooka. Na mkuu wa sinagogi alipokasirika, Yesu akamtetea mbele ya wote kwa kumwita binti wa Ibrahimu.

Changamoto hazikosekani. Wapo wanaotunyamazisha kwa 1 Wakorintho 14, ilhali sura ya 11 ya waraka huohuo inazungumzia wanawake wanaosali na kutoa unabii. Na wengine wanaotukatisha tamaa, tukiri tu, ni sisi kwa sisi: dada akisimama kusema, tunaanza na mavazi yake kabla ya maneno yake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kumwambia mwanamke kwamba ni wa thamani bila kumpa nafasi ya kusema ni kumvika kilemba cha ukoka. Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Kwanza, utusemee kwa viongozi wetu, ili zamu za kusoma Neno, kuongoza sala na kuketi kwenye kamati za fedha na mipango zitufikie na sisi. Pili, kabla hujaondoka, uwape dakika chache wasichana waliokaa safu ya mbele. Wana maswali waliyoyaandika wenyewe. Hatukuwasahihishia.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi,
Wanawake wa kanisa hili.