Barua ya wazi kwa mpwa wangu anayetakiwa afike pauni 300

Mpwa wangu,

Kocha wa chuo anataka uingie kambi ya Agosti ukiwa na pauni 300, yaani kilo 136. Leo mzani unasoma 262, yaani kilo 119 kwa kimo cha mita 1.93. Zimebaki wiki 26. Nakuandikia hadharani kwa sababu wazazi wetu wengi walio Marekani hawakukulia kwenye futiboli ya huko, na mtoto akiambiwa ale mpaka afike namba fulani, nyumbani hakuna wa kumuuliza.

Mimi nasema usifike 300 mwezi wa nane. Fika 285, ambazo ni kilo 129, na hizo 300 ziwe za mwaka kesho. Kijana wa miaka 18 anayenyanyua vyuma kwa mpangilio na kulala vizuri anaweza kuongeza kati ya robo na nusu kilo kwa wiki, na sehemu nzuri ya nyongeza hiyo ikawa misuli. Chukua gramu 400 kwa wiki: wiki 26 zinakupa kilo 10 na kidogo. Kilo 17 anazozitaka kocha ni zaidi ya gramu 650 kila wiki bila kukosa hata moja, na kinachozidi uwezo wa misuli kukua kitakwenda tumboni.

Tumbo halisukumi mtu. Nyinyi watano wa safu ya mbele mnamkinga kwotabeki, yule anayerusha mpira, na kumfungulia njia mkimbiaji. Kila tukio ni sekunde tano hivi za kusukumana kwa nguvu zote, kisha mnapumua, mnajipanga, mnaanza tena, na mechi moja ina matukio kama 60 mpaka 80. Ndiyo maana mchezo huu unaubeba uzito ambao mpira wa miguu usingeubeba. Lakini nguvu inatoka kwenye mapaja, nyonga na mgongo, na ugomvi wote huamuliwa kwenye hatua mbili za kwanza. Ukichelewa hapo, kilo zako 136 zinasukumwa na mtu wa kilo 125. Mwaka 1985 William Perry alipoingia timu ya kulipwa ya Chicago Bears akiwa na zaidi ya pauni 300, Marekani nzima ilimtazama kama kioja na kumwita Friji. Leo kwenye vyuo vikubwa uzito huo ni wa kawaida kwa mtu wa safu, na makocha wazuri wameacha kutazama mzani peke yake. Wanapima mafuta na misuli kwa mashine, na kijana wa mwaka wa kwanza mara nyingi hukaa nje ya mechi msimu mzima akijengwa mwili. Muda unao. Mwambie kocha hivyo kwa heshima, ukiwa na hesabu mkononi.

Sasa chakula. Kwa mwili wako na mazoezi yako, anza na kalori 5,000 kwa siku na protini gramu 240 hivi, yaani gramu mbili kwa kila kilo ya mwili. Hutaweza kuzila kwa milo mitatu. Ukijaribu, utashiba kabla hujafika, usiku utakula sinia mbili kufidia, utalala na kiungulia, asubuhi hutakuwa na hamu ya kula, na mzunguko utajirudia. Gawa mara tano. Kabla ya vyuma, saa kumi na mbili asubuhi, kula kitu chepesi cha kalori 400: ndizi mbili, mkate na jamu, glasi ya maziwa. Baada ya vyuma ndipo kifungua kinywa chenyewe: mayai matano, chapati mbili, nusu parachichi, tunda. Hapo umeweka kama 1,200. Mchana, vikombe vitatu vya wali uliopikwa, kuku gramu 200 asiye na mifupa, kikombe cha maharage na mboga: nyingine 1,200. Usiku, ugali wa gramu 200 za unga, gramu 200 za samaki au nyama, sukuma wiki iliyokaangwa kwa kijiko cha mafuta: 1,200 tena. Chakula cha mama yako kinatosha kabisa, asiambiwe na mtu kwamba lazima anunue vitu vya ajabu.

Zinabaki kama 1,000, na hizo zinywe. Tia kwenye blenda maziwa mililita 400, oti gramu 60, ndizi mbili, vijiko vitatu vya siagi ya karanga na mtindi nusu kikombe. Utapata karibu kalori 1,000 na protini karibu gramu 40, na saa mbili baadaye tumbo litakuwa tayari kupokea mlo mwingine. Hapa ndipo vijana wengi wa safu hufanikiwa au hushindwa, kwa kuwa cha kunywa hakichoshi taya wala hakijazi tumbo kama sahani ya nne. Kama maziwa yanakuletea gesi na kuharisha, jambo la kawaida sana kwa watu wazima wa asili yetu, tumia mtindi zaidi au maziwa yaliyoondolewa laktosi. Usiyavumilie tu. Tumbo linaloharisha halijengi mwili.

Nyuzinyuzi ni nzuri, lakini maharage, dona na bakuli kubwa la mboga kwa pamoja, saa moja kabla ya mazoezi, vitakufanya ushibe kwa kalori chache na kukimbia ukiwa umevimba. Karibu na mazoezi kula wali mweupe, mkate au viazi, na dona na maharage uyapeleke kwenye mlo ulio mbali na uwanja. Soda, mandazi na baga za usiku wa manane zitapandisha mzani haraka kuliko chochote nilichokutajia. Ndiyo sababu pima pia kiuno, kwenye kitovu, kila Ijumaa asubuhi baada ya kwenda chooni na kabla ya kula. Uzito ukipanda kilo mbili na kiuno kikabaki pale pale au kikasogea kidogo tu, endelea. Kiuno kikipanda sentimita moja kwa kila kilo, punguza kalori 300, uanze na sukari. Mzani ukikaa wiki mbili bila kusogea, ongeza 300, na uziweke kwenye wanga wa mchana.

Makopo ya kuongeza uzito mengi ni sukari ya unga iliyotiwa protini kidogo kwa bei kubwa. Achana nayo. Kreatini, unga wa kuongeza nguvu ya misuli, gramu tano kwa siku, ina ushahidi wa kutosha na NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, haijaipiga marufuku, ila ujue wiki za mwanzo inaweza kukuongezea kilo moja au mbili za maji, usizihesabu kuwa misuli. Usinunue kopo lisilo na alama ya NSF Certified for Sport, inayoonyesha kwamba limepimwa kama lina dawa zilizokatazwa michezoni. Vipimo vya dawa havijali kwamba hukujua kilichomo, anayefungiwa ni wewe.

Ukifika chuoni, chakula kitakuwa kingi. Zamani haikuwa hivyo. Kabla ya 2014 sheria za NCAA zilibana milo ambayo chuo kingeweza kumpa mchezaji, kiasi kwamba mkate wa begeli uliruhusiwa bila cha kupaka juu. Aprili ya mwaka huo Shabazz Napier wa timu ya kikapu ya Connecticut alisema waziwazi kwamba kuna usiku alilala na njaa, na mwezi huohuo NCAA ikaruhusu vyuo vya daraja la kwanza kuwalisha wachezaji bila kikomo. Kwa hiyo shida yako haitakuwa kupata. Itakuwa kuchagua ukiwa umechoka, na kutoruka milo ya wikendi pale bwalo linapofungua kwa saa chache. Weka oti, siagi ya karanga, mkate na blenda bwenini.

Nisome kwa makini zaidi hapa. Mwili mkubwa huzalisha joto jingi na kulitoa polepole, na watu wa safu ndio wanaoumia zaidi na joto la Agosti. Mwaka 2001 Korey Stringer, mtu wa safu wa timu ya kulipwa ya Minnesota Vikings, alianguka kambini na kufariki kwa kiharusi cha joto. Mwaka 2018 Jordan McNair, kijana wa miaka 19 wa safu ya Chuo Kikuu cha Maryland, alianguka mazoezini na kufariki wiki mbili baadaye, na hakuwa ametumbukizwa kwenye maji ya barafu alipohitaji. Uliza siku ya kwanza: beseni la barafu liko wapi, na limejazwa kabla ya mazoezi? Mtu anayechanganyikiwa, anayeyumba au kuropoka kwenye joto hupozwa kwanza palepale, hospitali inafuata. Wewe jipime kabla na baada ya kila zoezi. Kila kilo iliyopotea ni jasho, irudishe kwa lita moja na nusu ya maji pamoja na chumvi kwenye chakula, ukinywa kidogo kidogo kwa saa kadhaa. Ukiamka bado una upungufu wa kilo mbili kutoka jana, mwambie daktari wa timu kabla hujavaa kofia.

Mwambie mama yako pia atafute majibu yako ya selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyoiita. Kwenye familia za pwani na kanda ya Ziwa, kubeba kinasaba kimoja ni jambo la kawaida, na anayekibeba huishi bila ugonjwa. Lakini mazoezi makali ya mfululizo yanaweza kuzigeuza chembe za damu na kuua misuli. NCAA ilianza kudai kipimo hiki kwa daraja la kwanza mwaka 2010, baada ya kifo cha Dale Lloyd II wa Chuo Kikuu cha Rice mwaka 2006. Ukikutwa nacho hufukuzwi kwenye timu. Utapandishwa mazoezi polepole, utapewa mapumziko marefu zaidi kati ya mbio, na ukisikia miguu inalegea na kuuma bila misuli kukaza, unasimama papo hapo hata kocha akipiga kelele.

Kwetu mtu akinenepa huambiwa amependeza, na kitambi kinaheshimiwa. Hakuna shangazi atakayekwambia inatosha. Kwa hiyo vipimo ndivyo vikwambie: presha kila mwezi, kwa sababu kwa watu wa safu hupanda hata katika msimu wa kwanza tu, sukari na mafuta ya damu mara mbili kwa mwaka, mzingo wa shingo. Shingo ikizidi sentimita 43 na mwenzako wa chumba akasema unakoroma na kukata pumzi, omba kupimwa usingizi. Usingizi unaokatika unapandisha presha, na misuli uliyoilisha siku nzima haijengeki.

Na uzito huu una siku ya kushushwa. Utafiti wa wachezaji wa zamani wa ligi ya kulipwa uliotoka 2012 ulionyesha kwamba waliocheza wakiwa na uwiano wa uzito na kimo (BMI) wa 30 au zaidi walikuwa na hatari maradufu ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kuliko wenzao. Wewe tayari uko karibu 32. Lakini kushuka kunawezekana, na watu wa safu wa ligi hiyo wamefanya: Joe Thomas alipostaafu 2018 alipunguza zaidi ya kilo 20, na Alan Faneca alipunguza kama kilo 45, akakimbia marathoni mwaka 2014. Wiki utakayocheza mechi yako ya mwisho, kinywaji cha blenda ndicho cha kwanza kuondoka, kisha mlo wa kabla ya vyuma. Protini ibaki palepale, vyuma viendelee mara tatu kwa wiki.

Ijumaa hii anza. Nitumie namba mbili, uzito na kiuno, kwa wiki nne mfululizo, pamoja na picha ya kila ulichokula siku moja ya kawaida, hata kama ni chipsi. Wiki ya nne tutajua kama 5,000 ni nyingi au kidogo kwako, na ndipo tumwandikie kocha.

Mjomba wako