Msiwaambie madereva "itajichanganya"

Mhariri,

Naomba nafasi nieleze jambo linaloniumiza. Mimi ni fundi wa pampu na nozeli (vile vipulizia mafuta ndani ya injini) za dizeli hapa Changamwe, kazi niliyoifanya miaka mingi, na hakuna neno linaloniletea hasara za watu gerejini kuliko hili wanaloambiwa madereva wa magari ya dizeli wanapotiliwa petroli kwa makosa kwenye vituo vya mafuta: "Jazia dizeli tu, itajichanganya."

Majuzi kijana anayepeleka kabeji soko la Kongowea aliletwa kwangu pikapu yake ikivutwa kwa kamba. Kwenye kituo kimoja cha barabara kuu, mhudumu alikuwa amemtilia petroli lita 20 kabla kosa halijaonekana. Akaambiwa neno hilohilo. Akajazia dizeli, akapiga stati, akashika njia. Kufika Kibarani gari likaanza kukohoa, likaisha nguvu, likazima. Nilipofungua filta nilikuta unga wa chuma unametameta. Hapo moyo ulinishuka, kwa sababu unga ule ukishaonekana, pampu imeshaanza kujila, na chembe zake zimeshafika kwenye nozeli.

Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche ya kuwasha mafuta. Hubana hewa mara 15 hadi 20 hivi, hewa ikapata joto linalopita nyuzi 500, ndipo mafuta yapulizwe humo yawake yenyewe. Petroli imetengenezwa isiwake upesi kwa kubanwa namna hiyo. Lakini hata kabla ya kufika kwenye moto, madhara yameshaanza. Katika magari mengi ya siku hizi pampu ya mafuta hailainishwi na oili ya injini, bali na dizeli yenyewe inayopita ndani yake. Petroli huosha ule utelezi, vyuma vikabaki vinasagana, tena chini ya shinikizo linalozidi mara 1,000 lile la hewa tunayovuta.

Mafuta ya taa ni adui wa aina nyingine. Ukiyachanganya na dizeli gari linakwenda, na hapo ndipo yanapowahadaa watu. Nayo ni makavu, hayana utelezi wa kutosha. Pampu inakufa polepole, na mwenye gari hakumbuki tena ule mtungi wa bei nafuu alioununua gizani kando ya barabara. Mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuvunja biashara hiyo ya kuchanganya. Waliobeba mzigo ule ni akina mama wa Likoni na Jomvu wanaopikia stovu, ambao hawajawahi kumiliki hata tuktuk. Kila anayenunua mtungi ule anawadhulumu wao pia.

Basi dereva mwenzangu, ukitiliwa mafuta siyo, usipige stati. Hata ufunguo usiuzungushe, kwa maana katika magari mengi pampu ya umeme iliyo ndani ya tangi huanza kusukuma mafuta papo hapo. Sukumeni gari pembeni, tangi limwagwe lote, mabomba yasafishwe, filta ibadilishwe. Na asiwepo wa kuvuta sigara karibu: dizeli iliyoingiwa na petroli hushika moto kwa wepesi mno. Kazi hiyo hugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya pampu mpya.

Kwa wenye vituo, ombi langu si zito. Mhudumu ataje mafuta kwa sauti, "Dizeli?", na asibonyeze bomba mpaka dereva aitikie. Bomba la petroli ni jembamba, huingia kwenye tangi la dizeli bila kizuizi chochote, kwa hiyo kinga iliyobaki ni macho na mdomo. Dereva naye ashuke, atazame. Kosa likitokea, kituo kigharamie kumwaga tangi palepale badala ya kumwachia mteja aende kuharibikiwa njiani. Mhudumu asikatwe mshahara kwa kukiri mapema. Akiogopa kukatwa ndipo anapobuni hayo ya "itajichanganya".

Pikapu ya yule kijana ingali gerejini kwangu, inangoja pampu na nozeli nne. Kabeji zake zilimalizia safari kwa mkokoteni. Mwenye kituo hajafika hata kuitazama.

Fundi wa dizeli,
Changamwe, Mombasa