Barua kwa Mama Neema, kutoka Kamachumu

Kamachumu, Muleba
Jumapili jioni, Agosti

Mama Neema, shoga yangu,

Bwana Yesu asifiwe. Huku wazima wote. Jua ni kali lakini ndizi zipo, na Koku amefunga shule, anakula utadhani huko bweni walimfungia na jiko. Ujumbe wako wa sauti niliuanza dukani, wateja wakanikatiza, nikaumalizia usiku. Nimeona nikuandikie, kwa sababu mimi ukinipa simu nianze kuongea ninasahau nusu ya niliyotaka kusema.

Umesema imani yako imepoa. Unatoka Kibamba, huko Dar, saa kumi na moja alfajiri, unarudi saa tatu usiku, Jumapili ndiyo siku ya kufua, na siku ukifika kanisani unasinzia kabla mchungaji hajamaliza salamu. Jirani yako naye kakwambia dawa ni mikesha ya Ijumaa na maji ya upako ya mtumishi wake, ukiyanywa utawaka moto upya. Ukaniuliza mimi huku nafanyaje.

Mkesha sina ugomvi nao, tumekesha wote tangu tukiwa kwaya ya vijana. Lakini hayo maji ya kununua, shoga yangu, hapana. Yesu aliponya vipofu na wakoma na sijasoma mahali alipomdai mtu hela ya chupa. Na hili la kupima imani kwa joto limenichosha. Mtu akilia kwenye maombi mpaka sauti ikakauka tunasema ana Roho. Kesho yake akimkata dada wa kazi mshahara kwa ajili ya sahani iliyovunjika, hakuna anayeuliza Roho kaenda wapi.

Bibi yangu unamkumbuka, yule aliyetufukuza jikoni kwa kucheka wakati wa sala. Alikuwa mtu wa uamsho wa kiroho, ule wenyewe. Watoto wetu hawaujui, kwa hiyo ukipata nafasi msimulie Neema: ulianzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, penye hospitali ya misheni ya Waanglikana, ukashika Uganda, ukaingia kwetu Buhaya kwa Walutheri. Askofu Josiah Kibira, aliyechaguliwa mwaka 1977 kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani, alitokea humo humo. Watu wanakumbuka nyimbo, ile Tukutendereza iliyoimbwa kwa Kiganda hata na wasiojua Kiganda. Bibi yeye alikuwa anasimulia majembe. Alisema watu wakiokoka walikuwa wanazunguka kijijini kurudisha vitu: jembe la jirani, kuku, pesa waliyodhulumu kwenye kahawa. Mwenyewe alibeba jembe ambalo babu aliliazima na kulifanya lake, akampelekea mwenye nalo. Yule mzee alishanunua jingine zamani, akamcheka. Bibi akarudi na aibu yake, akamkuta babu amenuna, maana sasa kijiji kizima kilijua jembe lile lilikuwa la nani. Hakuona malaika siku hiyo. Alisema alilala tu vizuri.

Nao walikuwa na vituko vyao, tusiwapake sukari. Wengine walikuwa wakisimama kutubu wanatubu na dhambi za majirani. Lakini hilo la jembe nimelishika.

Sasa nikwambie la kwangu. Mwezi wa kwanza alikuja dukani mama mmoja wa jumuiya yetu ya kanisa, mjane. Mtoto wake kachaguliwa kidato cha kwanza, shule ya bweni ya serikali. Ada haipo, lakini godoro, ndoo, sare, sanduku na madaftari ni juu ya mzazi. Alitaka laki moja na nusu. Kabla sijafungua mdomo akasema mwenyewe, "Chukua kahawa yangu." Kahawa yenyewe ilikuwa bado mtini, kijani.

Butura unaijua, umekulia huku. Unampa mtu pesa kidogo wakati wa njaa, wakati wa mavuno unabeba gunia lenye thamani mara mbili au zaidi. Serikali imeipiga marufuku, viongozi wanaikemea kila msimu, na inaendelea, kwa sababu shida ya Januari haisubiri kahawa ya Juni. Na wanaoifanya siyo wapagani, tunakaa nao benchi moja. Baba Koku akaniambia, "Usipochukua wewe atakwenda kwa mwingine, na huyo atamkamua zaidi." Ni kweli kabisa. Ndiyo maana maneno ya namna hiyo yanasumbua.

Kuna ile sheria ya Kumbukumbu la Torati 24, kwamba maskini akikuwekea vazi lake rehani, mrudishie jua likichwa apate kulala nalo. Nilikuwa naisoma kama habari za Waisraeli na majoho yao. Yule mama alipokuwa amesimama pale kwenye mizani, kanga moja mabegani, nikaona joho lake ni ile mikahawa. Tukampa pesa taslimu, tukaandika kwenye daftari laki moja na nusu, akiuza atarudisha laki moja na nusu. Hakuna gunia.

Kahawa ameuza mwezi uliopita, kupitia chama cha msingi cha ushirika, bei siyo mbaya. Kaleta laki moja. Hamsini bado. Juzi nikakutana naye sokoni kavaa kitenge kipya, Mama Neema, roho ikaniruka! Nikahesabu bei ya kile kitenge kwa macho. Jioni tukasoma Mathayo 6, Koku ndiye aliyekuwa anasoma, akafika "kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu." Baba Koku akanitazama kwa jicho la pembeni. Nikamwambia mtoto endelea kusoma.

Sijamsamehe ile hamsini, usinione mtakatifu. Wala sijaenda kumdai. Bado naibeba kila siku kwenye maombi, namwambia Mungu waziwazi kwamba naitaka hela yangu. Ila kwa miezi hii sala yangu imekuwa na kitu ndani yake. Zamani nilikuwa nasali kama mtu anayesoma risiti. Ndiyo maana sikubaliani nawe ukisema imani yako imekufa kwa sababu huna muda wa ibada ndefu. Wewe unakaa siku nzima na bosi anayekuonea, na wifi anayekusema, na kondakta anayekurushia chenji. Kazi ya imani unayo hapo hapo, kuanzia alfajiri.

Sisemi uache Neno. Mimi Kalenda ya KKKT, kanisa letu la Kilutheri, naiweka juu ya pipa la sukari, nasoma somo la siku kabla sijafungua dirisha la duka. Siku nyingine sielewi kitu, nafunga, nauza mkate. Wewe kwenye basi huna hata mahali pa kushika, kwa hiyo usijitwishe sura tatu kwa siku, utaacha Jumatano. Chukua zaburi moja, kaa nayo wiki nzima. Anza na ya 13, ni fupi, na Daudi anamuuliza Mungu "hata lini" mara nne mfululizo bila kuomba radhi. Ukichoka sana kabisa, kuna yule baba wa Marko 9 aliyemletea Yesu mtoto mgonjwa: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Hiyo inatosha kutoka kituoni mpaka getini kwako.

Na jumuiya. Umehamia hapo na hujaenda hata kujiandikisha, hilo nimeambiwa na mtu, usiulize nani. Yule mtumishi wa jirani yako ana watu uwanja mzima na hajui kama Neema ana pumu. Wanajumuiya wako watajua ndani ya wiki mbili, na mmoja wao atakuwa na gari usiku wa manane. Nenda hata ukiwa na usingizi, sinzia huko huko kwa watu. Baba Neema hataki? Muache kwanza, usimhubirie. Kaanga maandazi, siku jumuiya ikija kwenu atatoka chumbani mwenyewe.

Jumanne nampa dereva wa basi mzigo wako: maharage mapya, akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna, mfuko mmoja, na kitambaa cha Neema. Nauli nimelipa, asikudai tena. Upokee stendi ya Magufuli pale Mbezi Jumatano, jina nimeandika la Baba Neema kwa sababu la kwako wanalikosea kila mara. Maharage yaanike siku moja kabla hujayaweka kwenye ndoo, hayajakauka vizuri.

Wako,
Mama Koku