Difyuza ya flashi: tazameni upana wa kitambaa, kisha upepo

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuzungumze na wapiga picha wenzetu wa Unguja na Pemba kuhusu difyuza, yaani kile kitambaa au kifuniko cheupe cha kulainishia mwanga wa flashi. Mfungo Mosi ukiingia harusi huwa nyingi, na maharusi wanataka picha za nje: Forodhani jua likizama, Nungwi, Vumawimbi. Inauma kuona bi harusi aliyepambwa kwa saa nzima akitoka kwenye picha na kipaji kinachomeremeta jasho na kivuli kikali chini ya pua, na mara nyingi sababu ni difyuza isiyofaa kutumika nje.

Tuanze na kile kikofia cha plastiki kinachovishwa kichwa cha flashi. Chumbani kina kazi: hutawanya mwanga, ukagonga dari na kuta, ukarudi laini. Ufukweni hakuna dari. Mwanga uliokwenda juu na pembeni ndio umekwisha potea, na ule kidogo unaofika usoni bado unatoka kwenye kitu cha ukubwa wa kikombe cha chai. Kivuli kinabaki vilevile, betri ndizo zinazoisha. Kwa picha za nje msikinunue.

Mwanga hulainika kwa upana wa chanzo chake kama unavyoonekana kutoka kwa anayepigwa picha. Softiboksi, yaani kisanduku cha kitambaa kinachofunika flashi na chenye kitambaa cheupe mbele, ya sentimita 60 ikiwa mita 1 kutoka usoni ni laini. Ipeleke mita 3, eneo lake machoni pake linabaki sehemu 1 kati ya 9, na kivuli kinakuwa kikali tena. Kipimo tunachokitumia: umbali usizidi mara 2 ya upana wa kitambaa. Uso na mabega, sentimita 60 zinatosha ukiisogeza hadi karibu itokee kwenye fremu. Bwana na bibi harusi pamoja, chukua 80 au 90. Ya 120 ni nzuri sana kwa picha ya kusimama, lakini hapo ndipo upepo unapoingia.

Paje na Jambiani zimeelekea bahari kuu, na Kusi likivuma, softiboksi ya sentimita 120 juu ya stendi ni tanga. Mwavuli mweupe ni mbaya zaidi: hushika upepo, hupinduka, na flashi huangukia kichwa. Mfuko wa mchanga wa kilo 5 husaidia ile ya 60. Kwa iliyo kubwa zaidi msiiamini stendi. Mpeni msaidizi aishike kwenye mti wa kamera (stendi ya mguu mmoja), asimame joshini, yaani upande upepo unakotoka, aelekeze ubavu wa softiboksi kwenye upepo kadiri mwanga unavyoruhusu. Kwa hiyo anayefanya kazi zaidi pwani ya mashariki asishawishike na ukubwa. 60 hadi 80 ndiyo saizi yake. Forodhani, majengo hukinga Kusi kiasi, na 90 hukaa bila taabu.

Dukani, fungueni softiboksi muitazame ndani. Iwe na vitambaa viwili, kimoja ndani na kimoja mbele. Yenye kimoja huacha doa kali katikati, na doa hilo ndilo linaloonekana kwenye kipaji chenye jasho. Jaribio lake ni jepesi: wekeni flashi kwenye nguvu ndogo ya 1/128, tundu la lenzi f/16 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo), mpige picha softiboksi yenyewe. Katikati kukiwa kweupe na kingo nyeusi, rudisheni. Lakini kwanza zumu ya kichwa cha flashi (inayotanua au kubana mwanga) iwe milimita 24, kwani ikiachwa 105 hata softiboksi nzuri itaonyesha doa. Kisha pigeni karatasi nyeupe kwa flashi tupu na kwa softiboksi, kamera ikiwa Kelvin 5500 (kipimo cha rangi ya mwanga) zote mbili. Kitambaa cha bei rahisi mara nyingi huleta umanjano, na ngozi zetu huonyesha haraka.

Nguvu nayo ihesabiwe. Vitambaa viwili hula takriban stopu 2 (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu). Jua la saa sita mchana, ISO 100 (wepesi wa kamera kupokea mwanga) na shata 1/200 ya sekunde, linataka f/11, na flashi ndogo ya betri 4 ndani ya softiboksi itahema hapo hata ikiwa karibu. Wengi hukimbilia HSS, yaani flashi kutumika na shata ya kasi kuliko kawaida, ili wafungue lenzi. Wajue kwamba HSS nayo hula takriban stopu 2 nyingine, kwa sababu flashi hulazimika kuwaka muda wote pazia la shata linapopita na sehemu kubwa ya mwanga huishia kwenye pazia. Kichujio cheusi cha kupunguza mwanga, cha stopu 3, kwenye lenzi hukushusha hadi f/4 ukibaki 1/200. Hakiongezi nguvu ya flashi, lakini hakiinyonyi kama HSS, na nyuma hutiwa ukungu unaoutaka. Mwenye uwezo achukue flashi ya wati-sekunde 200 (kipimo cha nishati ya mmweko). Asiye nao angoje saa kumi na moja jioni. Jua lenyewe limeshuka, flashi ndogo inatosha.

Kanzu nyeupe na uso mweusi ndiyo kazi ngumu zaidi. Msiielekeze softiboksi kifuani. Ipandisheni juu ya usawa wa macho, muigeuze kidogo ili ukingo wa mwanga tu ndio upite usoni. Kanzu itapata mwanga mdogo na nyuzi za darizi zitaonekana. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe, ukuta mweupe wa chokaa ni difyuza ya bure: geuzeni flashi iugonge. Ukuta wa kijani au buluu uacheni, utapaka rangi shavuni.

Mkirudi kutoka pwani, msikunje softiboksi ikiwa na unyevu. Futeni fito na kiatu cha flashi (sehemu inayochomekwa kwenye kamera au stendi) kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi yasiyo ya chumvi, kisha kikavu, mziache wazi chumbani usiku kucha. Ikifungwa na chumvi, fito za chuma hupata kutu na kitambaa huota madoa ya ukungu ambayo kufua hakuyatoi.

Wapiga picha wa harusi,
Mji Mkongwe, Unguja